Simba wa Selotepu

Mnada wa tatu ulifungwa Jumanne.
Leo, Ijumaa, simu za Nanyamba zinalia kama vifaranga:
hela za korosho zimeingia.

Mimi ni wakala. Kibanda changu kina dirisha la nondo,
stuli moja, daftari la majina ya watu
na mbele ya kila jina, siri yake.
Namjua mtu kwa anachokitoa.

Bibi Somoe Chitwanga alinipa simu kwa mikono miwili
kama anayekabidhi mtoto wa kupimwa uzito.
"Nisomee."
Laki mbili, elfu kumi na nne na mia sita.
"Nisomee tena, polepole."
Nikamsomea hadi yale yasiyokuwepo tena:
makato ya chama, makato ya magunia,
salfa, ushuru, na mchango wa darasa
ambalo mpaka leo ni msingi na majani.
Akacheka. "Kumbe korosho zangu zinasoma shule. Mie bado."

Nikamhesabia. Mlemle katikati nikachomeka
elfu mbili iliyochanika,
simba wake kaungwa shingo kwa selotepu.
Benki wanaikataa, na mimi nina watoto.
Aliiona. Hakusema.
Macho ya mbanguaji hayakosi ganda bovu.

Hakufika nayo nyumbani.
Alivuka barabara kwenda ofisi ya kijiji
kufuata barua ya utambulisho ya mjukuu.
Ukutani pale pana karatasi: HUDUMA HII NI BURE.
Chini ya karatasi pana meza,
mezani pana droo,
na droo ile, tangu niolewe hapa, haijapata kufunga vizuri.
Bwana Chilumba haombi. Hata kidogo.
Anatafuta tu muhuri, na muhuri hauonekani;
anainua faili, anapuliza vumbi,
anauliza habari za shamba,
hadi uelewe.

Siku ikaenda na mambo yake:
rambirambi ya Kitangari, elfu kumi na ya kutolea;
mahari ya kijana wa Mkwiti, kwa awamu, kama pikipiki;
faini ya mbuzi aliyekula mihogo ya watu.
Mwanamume mmoja akamtumia mkewe elfu tano
na mkewe yuko hapohapo nje, amekalia dumu,
hawajasemezana tangu Ramadhani.
Simu ya mke ikalia. Akaisoma.
Akamtazama mume. Hakuirudisha.

Magharibi, nafunga dirisha,
akaja Bwana Chilumba, koti begani.
Mama yake amelazwa wilayani, siku ya tisa.
"Mtumie huyu wa namba hii," akasema,
"ili mama abadilishiwe shuka."
Akaweka noti juu ya ubao:
simba wangu, na shingo yake.

Nilimtazama mpaka akaona haya,
au ni mimi niliyeona, taa ilikuwa hafifu.
"Imechanika."
"Nilipewa hivyohivyo."
"Na nani?"
Akanyamaza. Hapo tukawa sawa.

Nikatuma. Nikakata changu.

Usiku, watoto wamelala, niliitoa kwenye kopo nikainusa:
utomvu wa maganda, wino wa muhuri,
na kitu cha tatu nilichokitambua upesi,
sabuni yangu ya kunawia mikono.

Kesho ni gulio. Watakuja wengi.