Kisichojulikana Kazi Yake

Bango la kwanza: MAILI THELATHINI. USIKATE TAMAA.
La pili: UMESHAFIKA HUKU, URUDI KUFANYA NINI?
La tatu lilikuwa limeanguka kifudifudi kwenye mahindi,
na Mhando akapunguza mwendo, akasema hilo ndilo lenye ujumbe.

Ndivyo tunavyosafiri. Gari-nyumba letu tunaliita Kobe.
Linapanda vilima vya Nebraska likikohoa,
sufuria zikigombana kabatini kama mawifi.
Binti yetu alitupangia mabonde na maporomoko, kazi za Mungu.
Baba yake, baada ya miaka ishirini na sita ya kukata nyama Omaha,
anataka kuona kazi za mtu mmoja mwenye gereji na muda mwingi.

Kwa hiyo tumeshaona
gunzi la zege refu kuliko mnara wa msikiti wetu,
mitego ya panya mia nne na mmoja kwa mchungaji mstaafu
("mmoja tu unafanya kazi," alituonya, asituambie upi),
na ng'ombe wa vibati vya magari
ambaye mvua ikinyesha, hulia.

Wexler ina watu mia na kumi na wawili
na jumba moja la makumbusho, zamani benki.
Kiingilio dola mbili, au kitu chochote usichokijua.
Bi Verlene Kratochvil, sweta lenye vifungo vya aina saba,
alitueleza sheria:
hapa huwekwa vitu ambavyo hakuna anayejua kazi yake.
Kikijulikana, kinatoka.
Kinakwenda kwenye meza ya nje, senti hamsini,
kama kitu kingine chochote duniani.

Koleo lenye midomo mitatu.
Sanduku linalofungukia ndani.
Chuma kilichopinda kama alama ya kuuliza.
Mhando alikuwa na jibu la kila kitu; kila mara nilimfinya.

Halafu, rafu ya chini, kando ya dirisha la keshia,
kiti kifupi cha mbao, cha kukunja,
na ulimi wa chuma wenye meno, umetokeza mbele.
Kadi yake, kwa wino wa buluu:
Labda cha kuvulia buti. Labda farasi wa mtoto.
Kililetwa na mjane wa baharia, 1974. Tunakipenda sana.

Magoti yangu yalikijua kabla ya macho.
Yalitaka kukaa, upande, kanga imebanwa,
sinia chini ya meno, wali wa Ijumaa ukisubiri tui,
mama akinikemea: usifike kwenye kifuu, utatutilia weusi!

Mhando alifungua mdomo.
Nilimkanyaga kidole gumba, kwa kisigino, kwa uzito wangu wote.

Maana kupitia kioo niliiona ile meza.
Kipekecheo cha siagi, senti hamsini,
jua linakipiga, hakuna anayekitazama.

"Mna wazo lolote?" akauliza Bi Verlene,
kwa upole wa mtu aliyeuliza mara elfu.
"Hapana," nikasema. "Lakini ni kizuri."
Akashusha pumzi. Kumbe naye hakutaka.

Kitabu cha wageni kinampa kila mtu mstari mmoja.
Nilichukua minne:

    Mbuzi huyu hali jani, hajalia hata mee,
    Nimemwona ugenini, kakaa kama mzee,
    Jina lake li moyoni, kulitaja nichelee,
    Ajuaye asineni, acheke ajiendee.

Akauliza ni lugha gani. Nikamwambia.
Akauliza nimeandika nini.
Nikasema: nimeshukuru.

Mhando alichechemea hadi Grand Island.
Huko, dukani, kati ya mananasi na maparachichi,
akaokota nazi moja kavu yenye stika, akaitikisa sikioni,
akalipa bila kuuliza bei.

Sasa iko mbele, juu ya dashibodi,
inabingirika kila kona.
Hatuna cha kuikunia.