Mizunguko Arobaini na Moja

Kaka Bwanausi kapiga simu kutoka Mbagala:
"Hiyo gramafoni tupeni, ni nyumba ya mende.
Mwisho wa mwezi nawatumia spika ya blututhi."
Nikamwambia sawa.
Nikakata simu, nikafungua skrubu ya kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Mtanda, Lindi.
Vyuma ninavyovijua ni vile vinavyokula uzi.
Lakini sindano ni sindano:
ikiwa butu inachana kitambaa,
ikiwa butu inachana wimbo.
Na mafuta ni yale yale, ya kichupa cha mdomo mrefu,
tone moja kwenye mhimili, tone moja kwenye mota,
la tatu ni ulafi.

Ndani nilikuta mayai mawili ya mjusi,
unga wa mchwa,
ganda la korosho (nani aliliingiza? Huenda ni mimi,
nikiwa na miaka minne na vidole vya uchokozi),
na ule mpira wa kuzungushia sahani
umeyeyuka, umekuwa lami.

Nikamtuma Shazili kwa fundi baiskeli.
Akarudi na kipande cha tyubu.
"Anasema utamlipa kwa kumpunguzia suruali."
Nikakata utepe mwembamba kwa mkasi wa vitambaa,
jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya
halali kwangu mkasi tena.

Waya wa spika nimeulehemu kwa msumari
niliouchomeka kwenye mkaa hadi ukawa mwekundu.
Mara tatu. Kidole cha shahada kina lengelenge.

Chini ya sahani palikuwa na karatasi
iliyokunjwa mara nne, imebanwa pembeni mwa mhimili.
Takataka.
Nikaing'oa, nikaitupa kwenye vipande vya nguo.

Kisha betri sita kubwa, na santuri ndogo.
Nikachora alama ukingoni kwa chaki ya ushonaji,
nikaikodolea macho saa ya ukutani, nikahesabu:
arobaini na tano kwa dakika,
kama karatasi ya katikati inavyodai.
Nikafurahi kama niliyekata kola bila kupima
ikakaa.

Mwanamke akaanza kuimba.

Uani Mama alikuwa anachambua choroko.
Mikono ikasimama juu ya ungo.
"Nani huyo anakimbia?"
"Ni ile santuri, Mama. Ya Baba."
"Siyo. Yule hakuwa na haraka.
Yule aliimba kama mtu aliyeshiba.
Huyu kafukuzwa na mbwa."

Nikapiga magoti, nikafukua:
kanga, bitana, tetroni, pindo la sare ya shule,
karatasi.

Stakabadhi ya chama cha ushirika, Mtama.
Korosho kilo mia moja na kumi na mbili, daraja la pili.
Muuzaji: A. Nandonga.
Na nyuma, kwa penseli,
mwandiko wa Baba uliolalia kushoto,
neno moja na nukta nzito iliyotoboa:

Usiitoe.

Hakuandika kwa nini.
Baba hakuwahi kutuandikia kwa nini.
Pengine sahani ilikuwa inagonga.
Pengine alipenda wimbo uchelewe kwisha,
maana ukiisha kulikuwa na shamba, na deni la salfa.

Nikairudisha kwa mikunjo yake ile ile.
Nikahesabu tena: arobaini na moja.
Sauti ikashuka, ikanenepa,
ikakaa chini kama mgeni aliyeambiwa avue viatu.

"Haya," akasema Mama kutoka uani,
na choroko zikaendelea kulia kwenye ungo.

Shazili ameutafuta wimbo kwenye simu yake,
anasema upo, msafi, kwa kasi yake halali.
Anataka nilinganishe.
Nimemtuma akachukue vipimo vya suruali ya fundi baiskeli.

Skrubu moja imebaki mezani.
Nimegeuza gramafoni pande zote, sioni tundu lake.
Nimeitia kwenye kopo la vifungo.