Zamu ya Asubuhi

Tunatoka kabla ukungu haujaamua
kama ni mvua au ni moshi wa jiko la Semfilinge.
Twilumba mbele, kisu cha baba amekichomeka kwenye buti;
mimi nyuma, na dumu la lita ishirini
linalonigonga paja kila hatua,
tupu, likijisemea.

Februari. Kilolo yote inanuka udongo uliolala umelowa.
Baba tulimzika Novemba, mbegu za mahindi zikiwa bado ndani ya debe,
na machipukizi ya mianzi hakuna aliyeyapa taarifa.
Yamekuja kwa wakati wake, marefu, na manyoya yake ya kahawia,
yamesimama kama watoto waliotumwa
wakamkuta mwenye nyumba hayupo.

Shina la kwanza liko nyuma ya choo cha zamani.
Twilumba anainamisha ncha, anapangusa nyuki wawili waliokufa walevi,
anakata kipande chembamba kama ukucha.
Ukikata nene, unaua. Usipokata, linaziba.
Tone.
Tone.
Mbeta ya jana jioni imejaa hadi shingoni:
mtogwa, mtamu, hata anayenyonyesha angepewa.
Kesho kutwa utakuwa mdindifu
na wanaume wa kilabuni wataugombea kama shamba la marehemu.

Shina kwa shina tunashuka. Sweta zinalowa kwa umande
wa majani yanayotupapasa bila adabu.
Lile lililopinda, lile la mpakani kwa akina Mgovano,
lile ambalo baba aliliita Mkopo kwa sababu lilitoa polepole.
Dumu linaanza kunyamaza.

Kisha mianzi inaisha na vinyungu vinaanza,
matuta ya maharage, kabichi zilizokumbatia matone,
na maji meusi katikati, yasiyokwenda popote.
Buti langu linazama, linachomoka
kwa mlio wa busu lisilotakiwa.
Nacheka.
Twilumba anageuka upesi, kama nimevunja chungu.
Korongo taji wawili wanatukagua kutoka kwenye nyasi,
halafu wanaendelea na kazi yao.

Matete. Gogo la kuvukia, limeota ukoko.
Ng'ambo, kijito chetu kinaingia Ruaha Mdogo:
maji yake maangavu yanakataa kwanza,
yanatembea kando ya yale mekundu hatua kumi, kumi na tano,
ndipo yanakubali.

Baba alikuwa na mbeta arobaini.
Alilisema hilo kanisani siku ya mavuno, akamwambia mtendaji,
akaliandika kwenye daftari lenye picha ya jogoo.
Na arobaini tumezimaliza kabla ya matete.
Lakini hapa, kwenye pembe ya mito miwili,
kuna shina,
nalo limegemwa. Leo. Kidonda bado kinatoa povu.

Twilumba anakigusa kwa kidole.
Mkato umelalia upande ule
ambao mashina yote ya baba yamelalia.
Baba alikuwa wa kushoto. Walimu walimchapa
hadi akaandika kwa kulia,
lakini kisu chake hakikwenda shule.

Kwenye tope, nyayo peku, ndogo,
za mtu wa miaka kumi, labda kumi na moja.
Zinapanda mlima wa pili bila kugeuka.
Juu kule kuna moshi mmoja.

Nanyoosha mkono nionje. Twilumba anaushika,
si kwa ukali.
Mbeta ilikuwa imeinama kidogo; anaiweka sawa,
anakaza kamba, anafunika kwa jani jipya.

Kupanda ni kazi nyingine. Dumu limejaa,
sasa halina la kusema,
na sisi tunalipokezana mkono kwa mkono
hadi bati la nyumba linaonekana.

Mama yuko kizingitini na chujio,
anauliza swali lake la kila siku: ngapi?

"Arobaini," anasema Twilumba,
kwa sauti ileile aliyokuwa akijibu baba,
na anainama kuvua buti.