Waya wa Ardhi

Kaka yangu Mutwiri alipiga hesabu kwa sauti:
kwa bei hiyo, dada, ungepata ploti Joska,
hamsini kwa mia, mawe manne ya mpaka, hati mkononi.
Mimi nikatia sahihi kitabu cha pikipiki
ya samawati iliyopauka, silinda nne, miaka kumi na tisa,
iliyokuja kwa meli na makwaruzo ya mtu nisiyemjua.

Si ya mbio tupu, si ya safari tupu.
Imeinama kama mkimbiaji mstarini
lakini ina kiti cha kukaliwa saa sita.
Nairobi haina jina la kitu kama hicho.
Pale Kangemi mwanamume alinipungia gazeti,
"Westi, mia?" na mguu keshauinua.

Wiki ya tatu ikazimika.
Waiyaki Way, baada ya mvua, mbele ya lori la kokoto.
Haikukohoa, haikusitasita. Kimya,
kama mtu aliyekatizwa neno mezani.
Nikaisukuma kilo zote mia mbili na thelathini
hadi chini ya daraja la Uthiru.
Dakika ishirini. Nikabonyeza.
Ikanguruma kana kwamba mimi ndiye niliyelala.

Basi nikaanza kuisoma.
Betri peke yake: kumi na mbili nukta sita.
Injini ikiunguruma: kumi na nne na kidogo.
Ikishapata moto: inashuka, inashuka, kumi na moja,
na taa ya mbele inafifia kama mgonjwa anayeitikia salamu.
Nilibadilisha plagi. Nilibadilisha rilei.
Nilinunua rektifaya Kirinyaga Road kwa mwenye duka
aliyeapa kwa mamaye. Iliungua kabla ya Jumapili.

Nikingoja kosa lijitaje, niliikata na kuishona.
Usukani niliuinua sentimita mbili na nusu,
viganja vikaacha kufa ganzi.
Kiti nilimpelekea Bi Zubeda wa Pangani, mshona makochi;
akanipima nyonga kama za gauni la harusi,
akauliza bwana anakaa wapi. Nikamwambia hapa nyuma
panakaa hema.
Masanduku ya alumini yalitoka Gikomba,
moja pana kuliko lenzake kwa kidole kizima.
Aliyeyagonga alisema barabara ndiyo imepinda.

Na bado ilizimika. Kikuyu. Ngara. Langoni kwangu,
askari wa geti akinishikia mwavuli.

Ndipo Okwiri, fundi wa karakana isiyo na kibao,
alipofungua kifuniko cha ubavu na kukaa
muda mrefu bila kugusa chochote.
Shika mita, akasema. Ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye fremu.
Namba zikakataa kuwa sifuri.
Akaufuata waya mweusi kwa kidole, polepole,
kama mama anayetafuta chawa,
chini ya tangi, nyuma ya king'ora
alichokikata mwenye pikipiki wa kwanza akakifunga utepe,
hadi kwenye boliti ya spana namba kumi,
kutu ya kijani imeilia ndani kama jino.

"Shida yako wewe," akasema, "ni ardhi."

Nilicheka hadi nikakalia tairi.
Akanitazama tu, hajui Joska, hajui Mutwiri.
Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikatoa weupe wake,
akapaka grisi, akakaza robo mzunguko zaidi.
Mia tatu, na soda.

Jioni hiyo nilipanda nayo hadi Rironi, mvua ikinitwanga kifuani,
kumi na nne nukta mbili, haitikisiki.
Kwenye kibanda cha mahindi nikavua glavu kwa meno
nikamwandikia kaka: *Nimepata ardhi.
Upana wake sarafu ya shilingi moja. Haina hati.*

Akajibu upesi, kama kawaida yake:
*Ina maji na stima?*

Stima ipo, nikamwambia.
Maji ndiyo yaliyoiharibu.