Anaweza

Kifungu kinasema Mkurugenzi "anaweza".
Anaweza kuamuru jengo lolote lifunguliwe,
anaweza kutwaa gari, mafuta, turubali,
anaweza kubomoa kinachozuia maji,
kwa maandishi, na mhuri wa Baraza.
Nilikisoma usiku ule mara tatu
kwa tochi ya simu, miguu juu ya kiti,
kwani maji yalikwishaingia masijala
na faili za leseni za mwaka juzi zikiogelea.

Mkurugenzi yupo Dodoma, semina.
Semina ya nini? Ya maafa.
Simu yake inaita, inaita, kisha yule bibi wa mtandao
ananambia kwa adabu nijaribu tena baadaye.

Saa saba na robo akapiga Sheha wa Sebleni,
Bi Raya Machano, sauti imemkauka:
"Karani, maji yamefika kwenye magodoro.
Nina watoto arubaini na mmoja barazani kwa Mcha Ussi,
na mzee mmoja ana sukari, hana mguu.
Skuli hii hapa, juu, kavu, taa zinawaka,
na mlangoni kufuli jipya.
Mwalimu mkuu anataka karatasi.
Ati mwaka jana tulilala humo, madawati yakageuka kuni.
Basi hiyo karatasi, iko wapi?"

Mie karani wa zamu, daraja la tatu.
Kifungu hakinijui.
Nikatafuta ndani yake neno "lazima":
lipo, moja tu, ukurasa wa nyuma,
lazima taarifa iandikwe ndani ya siku saba.

Nikavuta droo. Mhuri upo, kidau cha wino kimekauka.
Nikakitemea mate.
Nikaandika: Fungueni.
Nikatia sahihi yangu yenye mkia,
ile ninayotia kwenye risiti za soko,
nikaipiga picha, nikaituma.
Baada ya dakika nne likaja jibu:
TUMESHAVUNJA.

Kisha akapiga tena.
"Maji hayendi. Kuna ukuta umekaa juu ya mtaro,
ule wa Shaame Khatib, wenye vigae vya buluu.
Vijana wana nyundo. Mwenyewe kaupanda
na shuka yake ya kulalia,
ana karatasi ndani ya mfuko wa nailoni,
anasema anacho kibali cha Manispaa."

Ninakijua kibali hicho.
Nambari mia mbili na sita.
Ramani haikuonesha mtaro. Niliuliza,
nikaambiwa, "Wee piga mhuri, chai inapoa."
Nikapiga.
Wino siku ile ulikuwa tele.

"Mpe simu," nikamwambia Bi Raya.
Nikasikia pumzi ya mtu aliye juu.
"Bwana Shaame, kibali chako ni halali.
Nimekiandika mwenyewe.
Shuka."
Akanyamaza. Mvua ikanguruma kwake,
ikanguruma na kwangu, kidogo nyuma.
Sijui alishuka au alishushwa.
Nilisikia nyundo ya kwanza, na simu ikazima chaji.

Mkurugenzi alirudi kwa ndege ya saa tano, viatu vikavu.
"Nani kakupa mamlaka?"
Nikamfungulia kifungu. Akakisoma akisimama,
akaweka kidole juu ya neno.
"Hapa panasema mimi."
"Ndiyo," nikajibu. "Panasema wewe."
Akatazama dirishani muda mrefu,
kisha akaniuliza kama umeme umerudi.

Siku ya saba nikajaza fomu.
Vilivyovunjwa: kufuli moja; ukuta, hatua kumi na mbili.
Waliohifadhiwa: arubaini na wawili.
Waliofariki: mmoja,
saa kumi alfajiri, juu ya madawati mawili yaliyounganishwa,
sukari. Nikaongeza, ingawa hapana safu yake:
alikuwa mkavu.
Aliyeidhinisha: jina langu, la baba, la babu.

Ikabaki safu ya mwisho, chanzo cha mafuriko.
Nikaandika mvua.
Nikafuta mpaka karatasi ikataka kutoboka.
Nikaandika tena mvua,
na mbele yake, kwa mkono uleule,
nambari mia mbili na sita.