Saa Nne Asubuhi, Kidia

Ratiba ilisema: saa nne, Darasa la Sita,
simulizi za wazee, dakika arobaini.
Bibi Ndeanasia Mamuya akaifuata ratiba kwa kidole,
akakilaza kinasa sauti kifudifudi mezani
kama mtu anayefunika sufuria,
akasema hapana.

"Hadithi haisimuliwi jua likiwa juu.
Ng'ombe wa nani mnataka wapotee?"

Nikaeleza habari za umeme, za wafadhili, za mkaguzi.
Akanitazama kama atazamwavyo mtoto
aliyetumwa moto kwa jirani
akaja na mfuko wa karatasi.

Ni Haikaeli aliyevua sweta.
Hakuomba ruhusa. Alipanda dawati,
akaitundika kwenye msumari wa dirisha, mikono imetanda.
Wengine wakafuata, kijani juu ya kijani,
na viwiko vilivyotoboka
vikatuachia nyota mbili tatu.
Darasa likanuka sufu na moshi wa jiko la jana.
Usiku ukaingia Kidia saa nne na robo.

"Haya," akasema gizani. "Sasa naona."

Akaanza kwa Kimochi.
Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, juu kidogo ya kanisa,
lakini mama alinilea kwa Kiswahili ili nifaulu,
nikafaulu.
Basi nikawa nashika maneno kama ashikaye kuku wa watu:
mguu, bawa, mara manyoya tu.
Nikasikia mfongo uliokauka.
Nikasikia msichana anaufuata kwenda juu, juu,
amjue aliyewafungia maji.
Nikasikia irimu. Nikaandika: zimwi.

"Mwalimu, kalamu yako imesema nini?"
"Zimwi, Bibi."
"Hilo ni la pwani. La kwetu linaoga.
Linakwenda soko la Jumanne,
linakusalimia kwa jina la ukoo wako."

Msichana akafika kwenye banio. Akainama anywe.
Bibi akanyamaza.

Tukadhani ni ufundi wa kusimulia.
Mvua ikapita juu ya bati, ikaenda zake.
Mtu akakohoa. Dawati likalia.

"Hapa si pangu," akasema.
"Tulilala kitanda kimoja, mimi na mdogo wangu.
Mimi nilikuwa irimu, Aikande ndiye msichana.
Kila usiku mimi namfikisha majini.
Njia ya kurudi aliijua yeye."

Aikande yuko mgombani tangu mwaka juzi,
chini ya vigae vyeupe vilivyotoka Moshi mjini
na majani makavu ambayo hakuna anayeyafagia kila siku.

Manka, kutoka dawati la nyuma:
"Kwa bibi yangu Mbokomu, msichana harudi.
Analala chini, anakuwa mfongo."
"Uongo. Watu wa Mbokomu hawajui kumaliza kitu."
Kisha, baada ya kupenga kamasi:
"Lakini mnase na yeye."

Kengele yetu ni rimu la lori.
Ilipogongwa, mmoja akanong'ona: irimu!
wakacheka mpaka sweta zikaanza kudondoka
na asubuhi ikaturudia vipande vipande,
Bibi amekaa katikati, mdogo, macho yanamtoka machozi
ya mwanga au ya nini, sikuuliza.

Usiku, ule wa kweli, nimekaa na jedwali.
Safu ya kwanza muda, ya pili maneno, ya tatu msimulizi.
Dakika ya kumi na saba hadi ya ishirini na moja:
mvua, kikohozi, dawati.
Maelekezo yanasema pasipo na neno pakatwe.
Nimejaribu mara mbili. Kidole kimegoma.

Safu ya maneno nimeiacha wazi.
Safu ya msimulizi nimeandika Aikande.

Kesho niulize ukoo aliozaliwa umeandikwaje,
na ile sweta iliyobaki dirishani
ni ya nani.