Tamu Kama

Nilifika Otautau mwishoni mwa Julai.
Julai niliyoijua mimi ni ya mvua ya vuguvugu;
hii ilikuwa imevaa barafu juu ya nyasi
kama mtu aliyekosea nguo za sherehe.

Jina la mji nililiweza mara moja, O-ta-u-ta-u,
silabi zake zinakaa kinywani kama za kwetu Iloilo.
Kilichonishinda ni majibu.
"Umechoka?" Graeme humuuliza mkewe.
"Ndiyo, hapana," Raewyn hujibu, kwa pumzi moja,
na Graeme anaelewa, anatia maji birikani.

Siku ya tatu hawakunipa jembe.
Walinipa mpira wa kuoshea sakafu
na buti zilizokuwa zikisubiri mlangoni,
ndani zimeandikwa kwa wino: Dindo.
Aliyenitangulia. Alikokwenda sijaambiwa.
Nyayo zake zimechimba soli, kidole kikubwa kimeacha shimo,
nami natembea nchi ya watu
ndani ya miguu ya mtu mwingine.

Saa kumi na nusu alfajiri.
Ng'ombe mia sita wanakuja gizani,
kila mmoja amebeba wingu lake puani.
Nilikuwa karani wa benki. Nilihesabu
sarafu za watu mpaka vidole vikanuka chuma.
Sasa nahesabu chuchu, nne, nne, nne,
na mikono hupata joto hapo tu,
chini ya tumbo la mnyama asiye na jina:
mia nne kumi na saba.
Amenipiga teke mara mbili.
Ndiye wa kwanza huku kunizoea.

Jua la adhuhuri hukaa kaskazini.
Hakuna aliyenionya. Wiki nzima
nilidhani nyumba ndiyo iliyogeuka.

Jumamosi kulikuwa na karamu ukumbini.
"Njoo na sahani," alisema Raewyn.
Nikaiosha, nikaifuta ikang'aa,
nikaenda nayo tupu,
nikiwaza: maskini, vyombo vimewapungukia.
Kumbe kila mtu sahani yake imefunikwa, ina chakula cha wote.
Hakuna aliyecheka.
Bibi mmoja mwenye sweta ya zambarau aliipokea yangu,
akahamishia humo nusu ya vitumbua vyake vya jibini,
akaitangaza mezani: "Hii ni ya kijana mpya."
Nilikuja kucheka mwenyewe, usiku, kitandani,
kisha nikaacha.

"Kukoje?" Marivic anauliza kwenye simu.
Nageuzia kamera dirishani. Giza.
Namwambia: mchele unapatikana.
Namwambia: mshahara Jumatano.
Buti sizitaji.

Na kuna hili neno.
Nikimaliza kuosha banda, Graeme huinua kidole gumba,
husema, "Tamu kama."
Nasubiri.
Kama nini? Asali? Muwa? Usingizi?
Ameshaondoka na mbwa wake,
ameiacha sentensi mlango wazi,
na baridi inaingia.

Leo alfajiri mia nne kumi na saba amezaa.
Nilivuta miguu miwili iliyoteleza kama sabuni,
tukaanguka matopeni sote wawili, ndama na mimi,
na kwa muda hakuna aliyepumua.
Halafu yeye akapiga chafya.

Graeme alikuwa ameshika taa.
"Tamu kama," alisema.
Nikafungua kinywa niimalizie, nilikuwa nalo neno, la kwetu,
ukatoka mvuke tu.
Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kana kwamba nimesema.